Mkono Usiolala

Mshonaji alikuwa na cherehani ya kukanyaga kwa miguu miwili, lakini jioni aliikanyaga kwa mguu mmoja. Mguu wa kulia ulikaa kwenye pedali. Mguu wa kushoto ulikuwa na kazi nyingine, na hakuna mteja aliyewahi kuuliza ni kazi gani.

Alishonea chumba cha mbele, dirisha likitazama mtaani. Humo mlikuwa na meza ya kukatia, pasi, kioo kirefu chenye ufa, na vitambaa vya wateja vimepangwa kwenye rafu hadi juu. Karibu kabisa na cherehani palikuwa na kiti chenye mikono. Kiti hicho kilikuwa cha mume wake. Kila siku saa kumi na moja jioni mume alirudi kutoka kiwanda cha uchapaji, akanawa, akakaa hapo na kuanza kusimulia habari za kazini.

Alikuwa msimuliaji hodari kweli. Shida yake ilikuwa moja tu. Hadithi zake hazikuwa na mwisho.

Jioni moja alikuwepo muuguzi, jirani wa nyumba ya tatu. Alikuja kupunguziwa sare yake ya kazi. Alisimama mbele ya kioo, pini zimemzunguka kiunoni, haruhusiwi kupumua sana.

"Shemeji, habari za kazi?" muuguzi aliuliza.

"Usiniulize," mume alijibu, tayari amefurahi kuulizwa. "Juzi kaja bwana mmoja kuchukua kadi za harusi. Kadi mia tatu. Zimeshachapwa, zimeshakatwa, ziko kwenye boksi. Anafungua boksi. Anatoa kadi moja. Anaisoma juu mpaka chini. Anaigeuza, anatazama nyuma. Kimya. Namwuliza, bwana, kuna kosa? Ananitazama, ananiambia..."

Muuguzi alingoja. Mshonaji hakungoja, maana alijua. Kidevu cha mume kilishuka kifuani, na mkoromo ukaanza. Haukuwa mkoromo wa kitoto. Majirani walimwita Jenereta, kwa sababu umeme ukikatika mtaa mzima, kwake bado kulinguruma.

"Alimwambia nini?" muuguzi aliuliza.

"Dada, mimi mwenyewe sijui. Hiyo ya kadi ameianza juzi, jana na leo. Akiamka anakuwa amesahau kwamba alikuwa anasimulia."

Walicheka. Kisha mkoromo ukakatika ghafla, na chumba kikawa kimya. Muuguzi aliacha kucheka. Alitazama kifua cha Jenereta kwenye kioo. Kifua kilijitahidi kupanda, lakini hewa haikuingia.

Mshonaji hakuinua hata macho. Mguu wake wa kulia uliendelea kukanyaga pedali. Mguu wa kushoto ulinyooka, ukausukuma mguu wa kiti mara moja, *ti*. Jenereta alishtuka, akavuta hewa kwa kelele, akaendelea kukoroma.

"Hiyo inatokea mara nyingi?" muuguzi aliuliza taratibu.

"Ipi?"

"Pumzi kukatika."

"Aa, hiyo. Miaka sita sasa. Ndivyo anavyolala. Mtu aliyechoka hulala fofofo."

"Dada," muuguzi alisema, "huyu halali fofofo. Huyu halali kabisa."

Mshonaji alisimamisha cherehani. Alikuwa mtu wa kazi, hapendi kukatizwa katikati ya mshono. Lakini neno lile lilimwingia, kwa sababu nyumbani kulikuwa na jambo walilokuwa wakilificha kwa wiki mbili.

Alilieleza kwa sauti ya chini. Kazi ya mume wake ilikuwa kukata karatasi. Mashine yake ilikuwa na kisu kirefu kama mlango ulivyo mpana, na kisu hicho kilipita kwenye rundo la karatasi kama zimelowa. Wiki mbili zilizopita mume alisinzia amesimama, paji la uso limeegemea mashine. Rundo likahama. Kisu kikashuka. Ashukuriwe Mungu, vidole havikuwa pale. Zilikatika kalenda mia sita, kila moja ikiwa na mwezi wa Desemba wenye siku ishirini.

"Msimamizi amemwondoa kwenye mashine," mshonaji alisema. "Sasa anafunga maboksi. Amempa mwezi mmoja alete karatasi ya daktari. Akiwa mgonjwa, atatibiwa, atarudi kwenye mashine yake. Asipokuwa mgonjwa, basi ni uzembe. Na msimamizi kasema mzembe hana nafasi kiwandani kwake."

"Na ameshakwenda hospitali?"

"Nani, huyu? Anasema ataenda kuwaambia nini? Kwamba anapenda kulala?"

*

Muuguzi alifanya kazi katika kitengo cha kifua na pumzi. Kesho yake jioni alirudi kuchukua sare. Safari hii alimkuta Jenereta macho, akakaa mbele yake bila kuzunguka.

"Shemeji, ukiamka asubuhi kichwa kinakuuma?"

"Kidogo. Kinaacha nikinywa chai."

"Usiku unaamka kwenda haja ndogo mara ngapi?"

"Tatu. Nne. Si umri?"

"Una miaka arobaini na nne. Na presha?"

"Walisema imepanda kidogo."

"Na mchana unasinzia."

"Mchana kila mtu anasinzia," Jenereta alijitetea. "Hata redio inasinzia."

Muuguzi alitabasamu, kisha akaeleza. Alieleza vizuri, kwa maneno ya kawaida, na mshonaji alimpenda kwa hilo.

Mtu akilala, alisema, misuli ya koo hulegea. Kwa watu wengine hulegea mno, na njia ya hewa hujifunga. Kifua kinavuta, lakini hewa haipiti. Oksijeni inapungua katika damu. Ubongo unashtuka na kumwamsha mtu kidogo tu, kiasi cha kufungua koo. Anavuta hewa, anarudi usingizini, na asubuhi hakumbuki lolote. Jambo hilo linaweza kutokea mara nyingi sana katika usiku mmoja.

"Kwa hiyo unalala kwa muda wa saa nane, lakini mwili haupumziki," alisema. "Ni ugonjwa wa pumzi kukatika usingizini. Unapandisha presha, unachosha moyo, unaweza kuleta kiharusi. Na unaleta ajali kazini na barabarani. Wanaume wanaupata, wanawake wanaupata. Wanene wanaupata zaidi, lakini hata wembamba hawajasalimika. Si uvivu, shemeji. Na unatibika."

Jenereta alishika tama. "Nimesikia kipimo chake. Unalazwa huko, wanakubandika nyaya kichwa kizima mpaka unafanana na redio iliyofunguliwa. Halafu wanakwambia, haya, lala. Nitalala saa ngapi mimi?"

"Kipimo hicho kipo, na kuna wagonjwa wanaokihitaji. Lakini wewe tunaweza kuanza na hiki."

Alifungua mkoba na kutoa kiboksi kidogo. Mshonaji alisogea karibu. Ndani mlikuwa na kitu kama saa ya mkononi, na waya mfupi uliotoka kwenye saa hiyo kwenda kwenye kifuko laini cha kuvalisha kidole. Kulikuwa pia na kibandiko cha mviringo, kikubwa kidogo kuliko kifungo cha koti. Basi. Hapakuwa na sindano. Hapakuwa na mashine ya kubebwa na watu wawili.

"Kidole kinatosha?" Jenereta aliuliza.

"Damu inapita kidoleni kama inavyopita moyoni. Humu kuna taa ndogo. Mwanga wake unapita kwenye ngozi na kusoma oksijeni, na mapigo ya moyo pia. Hauumi, hata joto hulisikii. Saa hii inajua mkono ukitikisika. Kibandiko kinakaa hapa, chini ya koo. Kinasikia mkoromo, na kinajua umelala chali au ubavu. Vyote vinaandika usiku kucha. Wewe kazi yako ni kulala tu, kitandani kwako, na shuka lako."

Mshonaji alikichukua kifuko cha kidole na kukigeuza ndani nje, kama afanyavyo kwa nguo yoyote. Alitafuta mshono akaukosa. Miaka ishirini ya kushona ilimfundisha kuheshimu kazi safi, na hii ilikuwa kazi safi.

"Aliyetengeneza hiki," alisema, "alimfikiria mtu anayelala."

"Hapo umesema," muuguzi alijibu.

Muuguzi alitoa fomu akajaza. Uzito, urefu, dawa, presha. Maswali mengine aliyajibu mwenyewe bila kuuliza, maana watu hawa aliwajua. Usiku ule Jenereta alivaa saa yake, akajitazama kwenye kioo chenye ufa, akasema amependeza. Kisha akalala.

*

Siku mbili baadaye waliitwa hospitali. Muuguzi aliwapokea na karatasi mkononi, na uso wake haukuwa na raha.

"Daktari amesoma," alisema. "Tunahesabu pumzi iliyokatika kwa sekunde kumi au zaidi. Usiku mzima tumepata kumi na tatu. Umelala kwa muda wa karibu saa saba, kwa hiyo ni kama mara mbili kwa saa. Chini ya tano ni kawaida."

"Kawaida?" Jenereta aliruka. "Niliwaambia! Mimi mzima kama kengele. Mama, umesikia? Mzima!"

Kisha furaha ikamwisha yenyewe, pole pole, na mshonaji aliiona ikimwisha. Mume wake alikaa tena kitini.

"Kama mimi mzima," alisema, "basi ni mzembe."

Alivitazama vidole vyake kumi, vile alivyokuwa akikatia karatasi tangu ujana wake. Hakuwahi kukata mstari ukaenda upande, mpaka mwaka huu. Mshonaji alimhurumia. Mtu huyu alikuwa na kasoro zake, lakini uzembe haukuwamo.

"Naomba niione hiyo karatasi," mshonaji alisema.

"Ni mistari tu, Mama," mume alisema. "Utaelewa nini?"

"Maisha yangu yote natazama mistari."

Muuguzi alimpa. Kulikuwa na mstari wa oksijeni, mstari wa mapigo, mstari wa mkoromo, na chini kabisa vijistari vifupi vya mtikisiko. Saa za usiku ziliandikwa juu. Mshonaji alipitisha kidole kwenye mstari wa oksijeni kama anavyokagua pindo. Ulikuwa umenyooka. Ulikuwa umenyooka. Kisha kidole kikasimama.

"Hapa uzi umekatika," alisema.

Kweli. Mahali pamoja tu, mstari uliporomoka, ukapanda, ukaporomoka tena, mara baada ya mara. Kisha ukanyooka kama kwamba hakuna kilichotokea.

"Hizo ndizo zenyewe," muuguzi alisema. "Katika zile kumi na tatu, kumi na mbili ziko hapo. Hata daktari ameshangaa."

"Hapa ni saa ngapi?"

"Kuanzia saa tisa na robo mpaka saa tisa na dakika thelathini na tano. Dakika ishirini."

Mshonaji alikuwa anakumbuka mvua. Usiku ule ilinyesha, na bati la chumba cha mbele linavuja upande wa rafu. Aliamka kwenda kuhamisha vitambaa vya wateja. Alivihamisha vyote, akaweka ndoo, akapangusa sakafu, akarudi kulala.

"Dakika hizo ishirini," alisema, "mimi sikuwepo kitandani."

Muuguzi alimtazama. "Na ukiwepo unafanya nini?"

"Si namsukuma."

"Unamsukuma vipi?"

"Begani. Pumzi ikikatika nahesabu. Moja, mbili, tatu. Nikifika saba hajapumua, namsukuma. Anapumua, tunaendelea."

"Unafika saba," muuguzi alirudia.

"Saba. Zamani nilikuwa nafika tano, lakini alikuwa ananung'unika."

Muuguzi alikaa. Akaivuta ile karatasi, akaanza kuhesabu vijistari vifupi vya chini kwa ncha ya kalamu. Alihesabu muda mrefu. Kila kijistari kilikaa mahali ambapo mkoromo ulinyamaza, na kila mara oksijeni ilikuwa bado haijaanza kushuka.

"Mia moja arobaini na sita," alisema mwisho. "Kifaa kinaanza kuhesabu kwenye sekunde kumi. Wewe unasukuma kwenye saba. Dada, umemwamsha na kumponya kila mara kabla kifaa hakijaona kwamba anaumwa."

"Lakini mimi nalala," mshonaji alisema, kama anayeshtakiwa. "Kweli nalala. Mkono tu ndio haulali."

Jenereta alikuwa amegeuka kumtazama mke wake. Hakuwa na utani wowote usoni.

"Mia moja arobaini na sita," alisema. "Kwa usiku mmoja?"

"Siku nyingine unakuwa nafuu."

"Miaka sita?"

"Sasa ningefanyaje? Nikuache?"

Jenereta aliushika mkono wa mke wake, ule wa kulia, akaukalisha gotini kwake mbele ya muuguzi bila aibu.

"Kosa ni langu," muuguzi alisema. "Kwenye fomu kuna swali. Analala na nani, na huyo mtu hufanya nini akisikia pumzi imekatika. Nililiruka. Nilijiambia, hawa nawajua. Na mguu wako niliuona jioni ile, dada, nikausahau. Tutarudia kipimo. Sasa sikiliza, na hili litakuwa gumu kwako. Usimguse."

*

Lilikuwa gumu kuliko alivyodhani.

"Na asipoamka?" alimwuliza muuguzi jioni ile, huku akimfunga mume wake ile saa.

"Ubongo wake unamwamsha wenyewe. Ndiyo maana amechoka, lakini ndiyo maana yupo. Mwaka jana ulikwenda kumwuguza mama yako siku kumi. Nani alimsukuma?"

"Hakuna."

"Uliporudi ulimkuta?"

"Nilimkuta. Na vyombo vyote vichafu."

"Basi. Ni usiku mmoja. Ukiwa na wasiwasi wa kweli, nipigie, niko nyumba ya tatu."

Mshonaji alitandika godoro chumba cha mbele, chini ya meza ya kukatia, akafunga mlango wa katikati. Ukuta ulikuwa wa mbao. Alisikia kila kitu. Mkoromo ulipanda, ukapanda, kisha ukakatika.

Alihesabu. Moja, mbili, tatu. Alipofika saba, mkono wake uliinuka wenyewe ukagonga mguu wa meza. Nane. Tisa. Kumi. Hakuwahi kufika huko. Kumi na tano. Alikaa kitako akaikalia mikono yake yote miwili. Ishirini. Ishirini na tano. Moyo ulimdunda mpaka akaogopa ungemharibia hesabu. Thelathini. Thelathini na moja.

Upande wa pili wa ukuta, mume wake alivuta hewa kwa kelele kama mtu aliyeibuka kutoka majini. Mshonaji alilia kidogo, bila sauti. Kisha mkoromo ukaanza upya, na yeye akaanza upya kuhesabu. Alifanya hivyo mpaka alfajiri, na hakuugusa mlango. Mimi ninayewasimulia nawajua watu wengi waliosifiwa kwa mambo madogo kuliko hilo.

*

Karatasi ya pili haikuhitaji kidole cha mshonaji. Mstari wa oksijeni ulikuwa umechanwachanwa kutoka mwanzo mpaka mwisho.

Safari hii daktari alitoka mwenyewe. Alikuwa mama mfupi, miwani imekaa kichwani.

"Mara arobaini na moja kwa saa," alisema. "Ndefu kuliko zote ni sekunde hamsini na mbili. Oksijeni kwa kawaida hukaa juu ya asilimia tisini na tano. Yako imeshuka mpaka sabini na sita. Bwana, wewe ni mgonjwa, na ugonjwa wenyewe ni mkali."

"Asante," Jenereta alisema. Aliona wanamshangaa. "Namaanisha, nimeumia kusikia. Lakini asante."

Daktari alimgeukia mshonaji. "Wewe ndiye mwenye ule mkono?"

"Ndiyo, daktari."

"Nimefanya kazi hii miaka mingi. Vifaa vyetu ni vizuri, kila mwaka vinakuwa vidogo na usumbufu wake unapungua. Lakini hakuna hata kimoja kilichowahi kufanya kazi miaka sita bila kuzimwa."

Mshonaji aliinama, asijue aiweke wapi sifa hiyo.

Daktari aliwaeleza tiba. Jenereta angepewa mashine ndogo ya kuweka kando ya kitanda. Mashine hiyo husukuma hewa kwa upole kupitia bomba na barakoa ya puani, na hewa hiyo huliweka koo wazi. Angeivaa kila usiku, si usiku anaojisikia. Kama barakoa ingemsumbua, angerudi irekebishwe, asiitupe uvunguni. Apunguze uzito pole pole. Alale ubavu. Aache pombe ya kabla ya kulala. Asinywe vidonge vya usingizi bila ruhusa, maana vinalegeza koo zaidi. Na asiguse mashine ya kukatia karatasi mpaka daktari aone maendeleo na kumwandikia.

"Na wewe, mama," daktari alimalizia, "dawa yako ni moja. Uache kuhesabu."

*

Usiku wa kwanza wa barakoa, Jenereta alijitangaza kuwa rubani. Aliwasalimu abiria, akawaomba wafunge mikanda. Kisha mashine ikaanza kupuliza taratibu, na ndani ya dakika chache alikuwa amelala.

Mshonaji alilala karibu naye, mkono tayari. Alingoja pumzi ikatike ili aanze kuhesabu. Haikukatika. Ikaingia, ikatoka. Ikaingia, ikatoka. Akaona asikae bure, akaanza kuzihesabu zile zinazoingia. Moja. Mbili. Tatu hakuifikia.

Alipoamka, jua lilikuwa limeshapanda. Mtu alikuwa akibisha hodi. Alimsikia mume wake, yu macho kabisa, akifungua mlango wa mbele. Alikuwa jirani wa ukuta wa pili.

"Mko salama humu?" jirani aliuliza. "Usiku mzima kimya. Mke wangu kashindwa kulala, anasema lazima kuna msiba."

"Jenereta imepata fundi," mume alisema. "Na naomba upunguze sauti. Mama amelala."

Mshonaji alilisikia neno hilo akiwa chini ya shuka. Kwa miaka sita hakuna mtu aliyewahi kumsemea hivyo. Alifumba macho akalala tena, mchana kweupe, wateja wangoje.

Si kwamba mambo yalinyooka kwa siku moja. Barakoa ilimchubua Jenereta pua, akanuna, akarudi hospitali, akapewa nyingine inayomfaa. Wiki ya pili kichwa cha asubuhi kiliacha kuuma. Wiki ya nne presha ilikuwa imeshuka, na kifaa cha kidole, alipokivaa tena, kiliandika mara tatu tu kwa saa. Usiku huo mshonaji alikuwepo kitandani, na fomu safari hii ilijazwa mpaka mwisho.

Karatasi ya daktari ilifika kwa msimamizi kabla mwezi haujaisha. Msimamizi aliisoma mara mbili. Alisema atangoja tiba imalizie kazi yake, na alingoja wiki tatu nyingine. Kisha daktari akaandika ruhusa, na msimamizi akamrudishia Jenereta mashine yake. Siku hiyo Jenereta alikata kalenda mia sita, na Desemba zote zilikuwa na siku thelathini na moja. Msimamizi naye alikwenda akanunua utepe wa kunata wa kuweka mstari wa tahadhari sakafuni mbele ya kisu, na kila mfanyakazi anayesinzia sinzia sasa huambiwa kwanza akapimwe, kabla hajaambiwa neno lingine.

Jioni moja, wiki kadhaa baadaye, muuguzi alikuja na kitambaa cha sare mpya. Alisimama mbele ya kioo chenye ufa. Jenereta alikuwa kitini, amenawa.

"Shemeji," muuguzi alisema, "ile ya kadi za harusi. Nimeingoja miezi mitatu. Yule bwana kasoma kadi, kageuza, kanyamaza. Ukamwuliza kuna kosa. Akakwambia nini?"

"Sijaimaliza hiyo?"

"Hujawahi kumaliza hata moja," mkewe alisema.

Jenereta alijiweka sawa. "Basi. Ananitazama, ananiambia, kaka, jina langu lipo. La bibi harusi lipo. Siku ipo, saa ipo. Mahali hakuna. Natazama, kweli, kadi mia tatu na hakuna ukumbi. Namwuliza, nani alituletea maneno ya kuchapa? Ananiambia, mama mkwe wangu. Basi namwambia, pole, amesahau, ni kawaida. Yule bwana akatikisa kichwa. Akasema, kaka, humjui yule mama. Hajasahau. Hataki nifike."

Muuguzi alicheka mpaka pini ikamchoma kiunoni. Mshonaji alicheka pia, lakini hakusimamisha kazi. Pindo la sare lilipita chini ya sindano haraka na limenyooka, maana sasa alikuwa akikanyaga pedali kwa miguu yote miwili.